Picha ya Thelathini na Moja

Watu wananiita mbishi. Mimi si mbishi. Mimi nina kumbukumbu nzuri, na mwenye kumbukumbu nzuri akikaa na wasahaulifu lazima aonekane mbishi. Kwa miaka ishirini na nane nimesema jambo moja tu, sijalibadilisha hata nukta: kwenye fainali ya mashindano ya pool, mpira wa mwisho kabisa, shemeji yangu aligusa mpira mweupe mara mbili, na mimi niliyekuwa mwamuzi niliona kwa macho yangu haya mawili.

Kwa miaka hiyo hiyo shemeji naye alikuwa na neno lake moja. "Hukuona." Basi, hana la pili. Umweleze, umkemee, umtumie watu wa heshima, jibu ni lile lile. Hukuona. Nilikuwa nikisikia amelisema tena mahali fulani, chakula hakishuki.

Huyu shemeji ni kaka wa mke wangu, tumbo moja, tena waliofuatana ziwa. Tangu siku ile hakukanyaga nyumba yangu. Binti yetu alipoolewa, yeye mjomba mtu alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akaondoka kabla ya sahani kugawiwa. Mke wangu akitaka kumwona kaka yake alibeba mkoba akaenda mwenyewe, na akirudi hanisemeshi mpaka kesho yake. Ukihesabu hizo siku za kunyamaziwa, nadhani zinafika miaka miwili mizima.

Niwaeleze wasioujua mchezo. Mpira mweupe unaupiga kwa ncha ya fimbo, mara moja tu, nao ndio unaokwenda kugonga mingine. Mweusi ni wa mwisho. Ukiutia shimoni, umeshinda. Lakini ukiutia kwa faulo, umeshindwa papo hapo, hata kama ulikuwa unaongoza tangu asubuhi. Siku ile shemeji na dereva mmoja wa malori walikuwa wameshatia mipira saba kwa saba, umebaki mweusi peke yake, na mweupe umekaa nao pua kwa pua. Ukucha usingepita katikati. Hapo ndipo fimbo humrudia mtu ikagusa mara ya pili bila yeye kutaka. Shemeji akazunguka meza, akapaka chaki, akazunguka tena, akapiga. Mweusi ukaingia. Ukumbi mzima ukaruka, na mimi nikapaza sauti juu ya sauti zao: "Faulo! Mara mbili! Nimeona!"

Kombe likaenda kwa dereva. Shemeji akaondoka na jina. Kuanzia wiki ile mji mzima ulimwita Mara Mbili. Akipita sokoni, Mara Mbili. Kwenye kibanda chake cha kuchonga funguo, wateja wanauliza, "Mara Mbili yupo?" Tena wengine walimtania: mwache akuchongee funguo, lakini hesabu, asije akakutoza mara mbili. Wajukuu zake wanalijua hilo jina ingawa hawajui lilikotoka.

Sasa, palikuwa na shahidi mmoja asiyesahau wala kupendelea, na huyo ni kamera. Mpiga picha wa mji alikuwepo siku ile na filamu nzima ya picha thelathini na sita. Nilimfuata studio kwake mwaka wa kwanza, nikamfuata wa pili, nikamfuata mpaka mvi zikanitoka. "Nitazitafuta, bwana mkubwa. Studio imejaa, nitazitafuta." Mwaka jana akafariki. Nilimsikitikia, Mungu anajua, lakini sitawaficha: nilizisikitikia na zile picha.

Basi Alhamisi moja nilikuwa karakanani kwangu, nimelipindua kochi la watu miguu juu, nang'oa kitambaa cha zamani, mdomo umejaa misumari midogo. Mimi ni fundi makochi. Zamani nilivalisha hata meza za pool, ndiyo maana nilipewa kazi ya uamuzi. Akaingia binti wa yule mpiga picha, ni mwalimu wa shule ya msingi, mkononi ana bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia kwa pua, maana ningefungua mdomo ningemeza msumari.

"Nimemaliza kusafisha studio ya baba. Hii ilikuwa chini kabisa ya kabati. Sijaifungua, nimeona imeandikwa wewe."

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi na utepe juu ya gundi. Kwa mwandiko wa marehemu: *Fainali ya pool. Mwamuzi.* Niliitema misumari yote sakafuni. Nilitaka kumbusu yule mwalimu mkono.

Nyumbani mke wangu aliigeuza bahasha huku na huku. "Zitazame kwanza peke yako," akasema.

"Ushahidi haufunguliwi na upande mmoja. Nikiifungua, kaka yako atasema nimechomoa."

"Na zikiwa hazina hicho unachokitaka?"

"Zitakosaje? Kamera haina shemeji."

"Haya. Nimeshakwambia." Mke wangu akisema nimeshakwambia, mtu mwenye akili hutulia akafikiri. Mimi nilimwambia ampigie kaka yake simu aje Jumapili saa tisa, picha zimepatikana, atazame mwenyewe, na nikimaliza kumwonyesha aseme mbele ya dada yake kwamba niliona. Nikamwalika na mwalimu, awe mtu wa kati.

Sikutegemea angekubali. Akakubali. Mke wangu alisugua sebule siku mbili, akabadilisha mapazia, akanunua glasi mpya kana kwamba kaka yake hajawahi kunywa maji kwenye glasi. Nilimwona anajifuta macho jikoni nikajisemea, subiri, Jumapili utacheka.

Saa tisa kamili akabisha hodi. Amezeeka. Miwani minene, mabega yameshuka, vidole bado vyeusi kwa unga wa chuma wa funguo. Akaketi kwenye kochi langu, akabonyeza mkono wa kochi, akasema, "Sponji nzuri." Miaka ishirini na nane, neno la kwanza nyumbani kwangu ni sponji nzuri! Sikujua nishukuru au nigombe.

Tukapanga utaratibu. Mwalimu anakata bahasha, anasoma namba nyuma ya picha, anampa shemeji. Shemeji ananipa mimi. Mimi nampa mke wangu. Mfululizo, hakuna kuruka.

Ya kwanza: kombe. Ya pili: kombe, kwa upande mwingine. Ya tatu: mgeni rasmi. Ya nne: mgeni rasmi anakunywa soda. Ya tano: mgeni rasmi ameimaliza. Na kila picha shemeji aliishika kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Anaisogeza mbali, anairudisha karibu, anainua miwani.

"Shemeji, hiyo ni chupa ya soda."

"Naiona."

Ya sita ilikuwa ya mwanamke mwenye gauni la maua amesimama ukutani. Ya saba, yeye tena. Ya tisa, kumi, kumi na moja, yeye. Meza ya pool ilionekana pembe tu nyuma ya kiuno chake. Mtu amepewa filamu moja kwa tukio ambalo mji haujawahi kuona, anaimalizia kwenye gauni!

"Hebu nielezeni," nikasema, "huyu mwanamke ndiye aliyekuwa anacheza fainali?"

Mwalimu akaiinamia picha. "Huyo ni mama," akasema.

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaomba radhi. Mwalimu akaziweka zile picha pembeni, akaomba abaki nazo. Tulikuwa tumeshatazama kumi na moja kwa jumla. Mahesabu ni rahisi, zimebaki ishirini na tano za kuniokoa.

Ya kumi na tisa angalau ilikuwa ya mchezo. Nusu fainali: yule dereva wa malori, fimbo imelala mezani, mkono wake wa kulia juu, watu wanampigia makofi. Mwalimu akauliza, "Hapo ameshinda?"

"Hapo amejishtaki," nikamwambia. Nikamweleza desturi ya ukumbi wetu. Mchezaji akijua amefanya faulo na mwamuzi hakuiona, analaza fimbo mezani na kuinua mkono. Hakuna wa kumlazimisha, na zamu anampa mwenzake. Alipigiwa makofi kuliko mshindi, na mtu wa namna hiyo hata dukani alikopeshwa bila maneno. "Lakini inabidi awahi," nikasema. "Mwamuzi akishatamka, umekwisha. Huko si kujishtaki tena, ni kukamatwa."

Shemeji alinitazama juu ya miwani. Nilifikiri nimemchoma, nikafurahi kidogo.

Ishirini na tano, mgeni rasmi anasinzia. Ishirini na nane, ubao wa pointi: saba kwa saba, na kinyozi wetu wa ng'ambo ya barabara amesimama kando yake na chaki, wakati huo bado ana nywele. Ishirini na tisa, shemeji anazunguka meza. Thelathini, shemeji anapaka chaki. Nikasogea ukingoni mwa kiti.

"Thelathini na moja," mwalimu akasoma.

Shemeji akaichukua. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitazama tena. Kisha, badala ya kunipa mimi, akailaza pajani kwake, uso chini, akanyoosha mkono kwa mwalimu. "Lete inayofuata."

Jamani! Nilisimama. "Iko wapi hiyo?"

"Haina kitu, shemeji. Tuendelee."

"Haina kitu! Miaka ishirini na nane unaniita mwongo, leo ushahidi umetua mkononi mwako unaukalia? Mnaona? Mwalimu, wewe ni mtu wa kati, umeona? Mke wangu, umemwona kaka yako?"

"Kaa chini," mke wangu akasema.

"Sikai! Mwenye macho haambiwi tazama. Lete hapa!" Nikamchomolea ile picha pajani. Shati lake lilinasa kidogo kwenye kidole changu, nikavuta tu.

Picha ilikuwa safi, haina ukungu. Meza yote ipo. Shemeji ameinama, fimbo imefika kwenye mpira mweupe, mweusi umeshaanza kuondoka. Nyuma yake safu tatu za watu, vinywa wazi, macho yote mezani. Yote. Kinyozi ameshika chaki, macho mezani. Hata mgeni rasmi ameamka. Pembeni ya meza amesimama mtu mmoja tu asiyeangalia mezani. Amevaa tai mpya, kifua mbele, kidevu juu, meno nje. Anaiangalia kamera.

Ni mimi.

Nilikumbuka yote mara moja. Shemeji alikuwa amezunguka na kuzunguka, miguu inaniuma, na kwa jicho la pembeni nikaona kamera imeinuliwa upande wangu. Siku zile picha haikuwa mchezo. Kamera ikikuelekea unajipanga, unanyoosha shingo. Nikajipanga. Na nyuma ya sikio nikasikia: tik, tik. Nikageuka, nikakuta mweusi unaingia shimoni na watu wanaruka. Nikasema nimeona. Kesho yake nikasema nimeona. Miaka ikapita, masikio yakageuka macho, na naapa kwenu, nilipokuwa naitema ile misumari sakafuni, niliamini kabisa kwamba niliona.

Mke wangu aliichukua picha mkononi mwangu. Aliitazama muda mrefu kuliko hata kaka yake.

"Hukuona," shemeji akasema. Hakupaza sauti.

Aibu ikinikamata mimi hugeuka hasira, ni ugonjwa wangu. "Lakini nilisikia!" nikapiga kelele. "Mlio wa pili niliusikia! Uligusa mara mbili au hukugusa? Jibu hilo!"

"Niligusa."

Mwalimu akatazama mapazia.

"Umesemaje?" mke wangu akauliza.

"Niligusa mara mbili, dada. Fimbo ilinirudia. Nani alisema sikugusa? Mimi nilisema hakuona."

"Unasema leo!" nikaruka. "Leo, baada ya—"

"Mwalimu," akasema, "mpe thelathini na mbili."

Mwalimu akanipa. Watu wameruka juu, wamekumbatiana, wengine wako hewani. Mimi nimeshageukia meza, mdomo ndio kwanza unafunguka. Na katikati yao shemeji hashangilii. Fimbo ameilaza mezani. Mkono wake wa kulia uko juu, ameninyooshea kiganja, ananitafuta kwa macho.

"Nilikuwa nakuita," akasema. "Kabla sijamaliza kuinua mkono ukasema umeona. Nikabaki nao juu kama mwizi aliyeambiwa simama. Nikakwambia hukuona, ukaniambia nabisha. Nikaacha."

"Ungesema!" Sauti yangu ilikuwa imekwisha nguvu. "Ungesema tu kwamba umegusa."

"Nani angeniamini? Wewe mwenyewe umetoka kumweleza mwalimu. Mwamuzi akishatamka, huko ni kukamatwa." Akavua miwani. "Kombe sikulitaka kwa faulo. Mwenzangu alilaza fimbo nusu fainali, nami nililaza yangu. Yeye anajulikana kwa hilo mpaka leo, Mungu amrehemu. Mimi najulikana kwa nini?"

Mke wangu aliweka ile picha mezani. Nilitegemea atalia. "Kwa hiyo nyinyi wawili," akasema, "mlikuwa mnakubaliana. Faulo ilikuwepo, wote mnajua ilikuwepo. Na mimi nimepanda na kushuka na mkoba wangu miaka ishirini na nane, binti yangu amezaa watoto watatu hawajawahi kumkuta babu yao huyu kwenye nyumba hii, kwa sababu mmoja alikuwa anapigwa picha na mwenzake amenuna!" Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Shemeji akanyanyuka, akatafuta viatu vyake. Nilimfuata mpaka mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, yote yamejipanga: uchovu, kelele, tai, na kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Nikayaona yote ni takataka.

"Shemeji," nikasema. "Sikuona."

Alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Rudia. Dada asikie."

Nikageukia mlango wa chumbani, nikalisema tena, kwa sauti. Lilikuwa gumu zaidi mara hiyo.

"Umenikosea," akasema, anafunga kamba. "Sikufichi, moyo wangu bado mzito. Ukumbi ule ulikuwa na watu mia mbili. Walikusikia wote ukisema umeona. Leo wamesikia watatu kwamba hukuona, mimi nikiwa mmoja wao, na mimi nilikuwa najua. Umebakiwa na mia na tisini na saba, na wengi wako makaburini." Akashika mlango. "Ile thelathini na moja niliilaza pajani ili usiaibike mbele ya mkeo. Umenichania shati."

Akaenda zake. Nilikaa peke yangu na kombe na mgeni rasmi na soda yake. Mwalimu alikuwa ameshatoka kimya kimya na picha za mama yake. Chumbani mke wangu hakufungua nilipobisha. Nikaichukua thelathini na moja, nikaitia mfuko wa shati pamoja na thelathini na mbili, nikavuka barabara kwa kinyozi.

Alikuwa na mteja kitini na mwingine anasubiri. Nikamwekea picha mbele ya kioo.

"Siku ile ya fainali," nikamwambia, "sikuona. Tazama. Nilikuwa naangalia kamera."

Kinyozi akazima mashine. Akaisogelea picha, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Ona tai! Ona meno! Aisee, ulikuwa kijana." Akafuta machozi. "Haya, lakini Mara Mbili aligusa au hakugusa?"

"Aligusa. Sikiliza, lakini mimi—"

"Si aligusa? Basi ulikuwa sahihi, mzee! Unajisumbua nini?" Akamgeukia mteja. "Huyu bwana, faulo ile ile niliyokusimulia, ya Mara Mbili. Kumbe aliikamata bila hata kuangalia!"

Mteja akacheka. Aliyekuwa anasubiri naye akacheka, akaomba aone picha. Nilisema hapana, hamjanielewa, yeye alikuwa ameinua mkono. Mashine ikawashwa tena. Niliizima mwenyewe pale ukutani, nikavuta kiti katikati ya nywele zilizomwagika, nikaitoa picha ya pili.

"Usimwite Mara Mbili," nikasema, nikaanza upya.